Funika bei, kisha soma

Ndugu zangu, hapa Mpumudde vijana wetu walichanga hela wakanunua maiki ya kondensa, kwa sababu jarida moja la kurekodi liliisifu sana. Mvua ikanyesha juu ya mabati. Maiki ikadaka mvua yote, mwimbaji akasikika kama yuko ng'ambo ya Nile. Jarida halikusema uongo, ila halikuuliza tunarekodia chumba gani.

Sasa nina kipimo changu. Nafunika bei na majina ya vifaa, nasoma kinachobaki. Kikibaki cha kufanya leo usiku, jarida linafaa.

Sound on Sound la Uingereza, la tangu 1985, limejaa vifaa ambavyo hatutavigusa. Lakini safu yake ya Studio SOS, ambamo waandishi walikwenda kwa msomaji kumtengenezea chumba, inapita. Tundika blanketi nzito nyuma ya mwimbaji, basi. Blanketi si tunazo?

Tape Op la Marekani, alilolianzisha Larry Crane mwaka 1996, nalipenda zaidi: watu wanasimulia walivyorekodi kwa vichache walivyokuwa navyo. Kasoro yake, mahojiano ni marefu, tena Kiingereza kitupu. Kijana aliyesoma kwa Kifaransa anaachwa nje.

Kilichotuokoa ni kusogeza maiki. Umbali ukipungua nusu, sauti ya mdomo inapanda kama desibeli 6, mvua inabaki ileile.

Nanyi mnaotusaidia, msituletee kwanza maiki ya pili. Tutafutieni wa kutafsiri kurasa kama hizo.