Kioo cha Mgonjwa na Kioo cha Kaizari

Uaguzi wa vioo katika maandishi ya Wagiriki na Warumi wa kale aghalabu husomwa kama habari za mila tu. Usomaji wa namna hiyo haujitoshelezi, kwani hulikwepa swali la usimulizi: ni nani akitazamaye kioo, na ni nani ajuaye tayari kitakachoonekana humo?

Pausanias, msafiri Mgiriki wa karne ya 2 B.K., anaieleza chemchemi iliyokuwa mbele ya hekalu la Demeter mjini Patras. Kioo kilifungwa kamba nyembamba, kikateremshwa kwa uangalifu mpaka ukingo wake ukayagusa maji, pasipo kuzama. Waulizaji walimwomba mungu huyo wa kike, wakafukiza uvumba, kisha wakatazama: mgonjwa alionekana ama yu hai, ama amekufa. Pausanias anashikilia kwamba uaguzi huo haukukosea, lakini haukuwa wa kila jambo. Ulihusu wagonjwa peke yao. Wala hamtaji mgonjwa hata mmoja. Hapo ndipo penye nguvu ya maelezo yake. Kamba, ukingo, uvumba, vyote vimewekwa mahali pake, na jibu limeachwa wazi, hata msomaji akajikuta kando ya chemchemi na hofu ya mtu aliyemwacha mgonjwa nyumbani.

Historia Augusta, mkusanyo wa habari za makaizari ambao wataalamu wengi huuweka mwishoni mwa karne ya 4, umeshika njia nyingine. Didius Julianus, aliyeununua utawala kwa askari walinzi wa Roma mwezi Machi 193, anasimuliwa kuwa alitumia kioo na mtoto aliyefungwa macho, aliyesomewa maneno ya uganga kichwani. Mtoto akamwona Severus akija na Julianus akiondoka. Julianus aliuawa mwezi Juni mwaka uo huo.

Mwandishi anajikinga kwa kurudiarudia kwamba “inasemekana”, ilhali mwisho wa kisa anaujua fika. Utabiri wake, basi, hauna taharuki. Ni hukumu iliyovishwa joho la uaguzi. Hata kejeli iliyomo, ya mtoto aliyefungwa macho kuona asichokiona mtawala, inampita, maana ana haraka ya kumfikia Severus. Mtoto mwenyewe, shahidi pekee wa tukio hilo, anaachwa papo hapo mbele ya kioo, kitambaa kingali machoni.