Heko kwa Waliopima Dunia kwa Kivuli

Wanaotabiri mvua au kuenea kwa maradhi kwa modeli za kompyuta wana deni kwa wanahisabati wa Ugiriki ya kale. Katika karne ya 3 KK, Eratosthenes, mkuu wa maktaba ya Alexandria, alijua kwamba adhuhuri ya siku ndefu kuliko zote jua huwa la utosi huko Syene, Aswan ya leo. Siku hiyohiyo Alexandria, kivuli kilionyesha pembe ya sehemu moja ya 50 ya duara. Alichukulia kwamba Dunia ni tufe na miale ya jua hufika sambamba. Akazidisha umbali kati ya miji hiyo, stadia 5,000 (kipimo cha urefu cha Wagiriki), mara 50, akapata mzingo wa stadia 250,000.

Wapo watakaosema Wababeli na Wamisri walipiga hesabu mapema zaidi, na kwamba Syene haiko kusini sawasawa mwa Alexandria. Yote ni kweli. Lakini Wagiriki walisisitiza kutaja dhana waziwazi, kisha kufuata mantiki hadi kwenye jibu; na dhana iliyotajwa ndiyo inayoweza kusahihishwa. Huo ndio msingi wa modeli yoyote. Wanastahili heko, na jiometri yao ifundishwe kwa uthibitisho, si kwa kukaririshwa.