Kisu cha Kuagiza

Mkulima wa Pemba akitaka kisu cha shamba, mara nyingi hapitii dukani. Huchukua kipande cha springi ya gari, akampelekea mhunzi na kumweleza haja yake: panga la kufyekea chini ya mikarafuu kabla ya msimu, kotama ya mgema, au kijisu tu cha kumenyea muhogo. Mhunzi humtazama kiganja, akauliza kama hutumia mkono wa kushoto, wakapatana bei. Marekani jambo hilohilo ni anasa. Kisu cha mkono wa Bob Loveless, fundi aliyefariki mwaka 2010, huuzwa kwa maelfu ya dola, na mnunuzi aghalabu hukifungia kabatini.

Basi mtu wa kawaida akiniuliza kama kisu ghali cha porini kina faida, humjibu kuwa kuagiza kuna faida. Ughali ndio wenye maneno. Vyuma vya kisasa vya bei kubwa hushika makali muda mrefu, lakini vikishakuwa butu hukataa noo la kawaida, vinadai jiwe la almasi. Springi hukubali jiwe lolote la uani. Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Kisu ghali hawakukitaja.

Ufundi wenyewe uko motoni. Mhunzi hukiivisha chuma mpaka kiwe chekundu kama kaa, akakizamisha katika mafuta machafu ya injini, maana springi ikitiwa maji huweza kupasuka. Kikitoka hapo ni kigumu mno, kikianguka sakafuni huweza kukatika. Kwa hiyo hulisugua bapa ling'ae, akakirudisha motoni kidogo tu, mgongo ukielekea makaa, akangoja rangi: manjano hafifu, kisha kahawia, kisha zambarau, zikitambaa kutoka mgongoni. Kahawia ikifika makalini, hukitoa. Akipitiwa kidogo tu, samawati imeshaingia, na makali yatalala kwenye fundo la kwanza la mti. Kipimajoto hana. Hapo ndipo pesa yangu inapokwenda, si kwenye nakshi.

Nakshi nazo zina mahali pake. Wapemba wenye jamaa Oman wanaijua jambia, ambayo ufundi wake UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi mwaka 2022. Thamani yake iko kwenye fedha ya ala na kwenye mpini, na hakuna anayemtuma mtoto akamenyee muhogo. Jambia haijifanyi chombo cha kazi. Kisu cha porini cha dola elfu hujifanya, huku mwenyewe akiogopa kukikwaruza.

Mvuvi simshauri springi, chumvi itaila. Yeye na anunue kisu kisichoshika kutu, hata kile cha Mora cha Sweden chenye mpini wa plastiki, ambacho ni rahisi na hukata vizuri.

Wengine, hasa mnaorudi likizo kutoka Muscat au London mkiwa na akiba, agizeni kwa mhunzi. Msuka ukilegea mpinini, mnajua pa kukirudisha. Na bei mlipe zaidi ya anayoitaja, kwani wahunzi wetu hujipunja.