Risasi Tatu Hazimtangazi Mshindi

Marekani kuna walenga shabaha wengi wa masafa marefu ambao hawanunui risasi zilizo tayari. Hujaza wenyewe nyumbani, ganda moja baada ya jingine: kiwashio kipya, baruti iliyopimwa kwa mizani, kisha kichwa cha risasi kinashindiliwa mdomoni mwa ganda. Sina ugomvi na hilo. Ni kazi ya subira. Ugomvi wangu ni na jaribio linalofuata, wanaloliita ngazi.

Liko la namna kadhaa, ila la kawaida ni hili. Unaandaa viwango kumi vya baruti, kila kimoja kikizidi kilichotangulia kwa kama gramu 0.02, bila kuvuka kikomo cha kitabu cha mtengenezaji. Unapiga risasi tatu kwa kila kiwango, unapima kasi, unaangalia matundu kwenye karatasi. Kiwango ambacho matundu yake yamebanana kuliko vingine ndicho mshindi. Eti mtutu umekipenda.

Sasa chukua dadu. Rusha mara tatu, andika tofauti kati ya namba kubwa kabisa na ndogo kabisa. Fanya hivyo raundi kumi. Uwezekano wa kupata angalau raundi moja yenye tofauti ya 0 au 1 ni kama asilimia 84. Tuseme ni raundi ya saba. Utasema dadu lilikuwa bora zaidi raundi hiyo? Dadu ni lile lile! Lakini mlenga shabaha akiona kitu hicho hicho kwenye karatasi, anarudi nyumbani kujaza risasi mia mbili za kiwango cha saba.

Halafu kuna kipimo chenyewe. Tuseme kasi za risasi zako zina mkengeuko sanifu wa kweli wa mita 3 kwa sekunde. Ukipiga tatu, tofauti kati ya ya haraka na ya polepole itakuwa kwa wastani mita 5 hivi kwa sekunde. Ukipiga kumi, itakuwa 9. Risasi hazijaharibika, umepiga nyingi tu. Hata kukokotoa mkengeuko sanifu hakukuokoi: ukipiga tano na kupata 3, thamani ya kweli, kwa uhakika wa asilimia 95, inaweza kuwa popote kati ya 1.8 na 8.6. Hapo umepima nini, bwana?

Kwenye mita 100 hayo yote hayaonekani. Kwenye mita 1,000, risasi mbili zikipishana kasi kwa mita 10 kwa sekunde, tundu moja linaweza kuwa zaidi ya sentimita 20 chini ya jingine. Mwenyewe atalaumu upepo.

Watetezi wa ngazi wana hoja moja nzito: mtutu unachakaa. Risasi 30 kwa kila kiwango mara viwango kumi ni 300, na kuna mitutu ambayo hupoteza ubora baada ya elfu mbili au tatu. Kweli kabisa. Lakini jibu ni kupunguza viwango, si kupunguza ushahidi. Na ngazi ina kazi yake halali: kupanda taratibu huku ukikagua maganda kuona dalili za shinikizo kubwa, na kusimama zikionekana. Kwa hilo, risasi moja moja zinatosha.

Kabla hujawacheka, fungua daftari lako la maabara. Sampuli tatu kwa kila hali, hali kumi, kisha ile iliyopendeza inaingia kwenye tasnifu. Tunafahamiana.

Mwenye kutaka kujua kweli, amchukue mshindi na yule wa mwisho tu, ajaze risasi 15 za kila mmoja, amwombe mwenzake azitie alama za siri, apige kwa kupokezana. Akimaliza, abashiri zipi ni zipi kabla alama hazijafunuliwa.