Gari Limezinduliwa, Mnunuzi Bado

Kiambishi -me- hupenda sana kutuchezea siku za sherehe. Ukiambiwa chakula kimepikwa, unanawa mikono. Ukiambiwa gari limezinduliwa, unarudi stejini kungoja matatu. Kitenzi kinadai jambo limetimia, kumbe kilichotimia ni kitambaa kuvutwa na kamera kubonyezwa. Ndiyo maana napenda kuuhakiki uzinduzi wa gari la umeme kama ninavyohakiki tamthilia. Una jukwaa, taa, mhusika mkuu na hadhira iliyokuja tayari kupiga makofi. Onyesho la pili ndilo huwa halijaandikwa.

Bingwa wa utunzi huu ni Elon Musk. Novemba 2017 aliwaalika watu waone lori la Tesla. Halafu, wakidhani mambo yameisha, likatoka ndani ya trela gari jipya la michezo, Roadster. Kwa ufundi wa jukwaani, hapo sina neno: hadhira ilikuja kwa ajili ya lori, ikaenda nyumbani ikiota kitu kingine kabisa. Aliyetaka kuweka oda alidaiwa dola 50,000, na gari liliahidiwa 2020. Mwaka huo ukafika, ukapita, wateja wakabaki na risiti. Kila tarehe ilipochakaa ililetwa nyingine, na kila mpya ikapigiwa makofi kana kwamba ile ya kwanza haikuwahi kutamkwa.

Tusicheke sana. Jirani zetu Uganda walizindua Kiira EV Novemba 2011, gari dogo la kijani la viti viwili lililoundwa Chuo Kikuu cha Makerere, Rais Museveni akiwepo. 2014 likaja Kiira EV Smack, la watu watano. 2016 likaja Kayoola, basi la viti 35 lenye paneli za sola paani. Ujenzi wa kiwanda kule Jinja ulianza 2019. Hebu isome hiyo kama hadithi: kila sura inaleta mhusika mpya, mkubwa kuliko wa jana, kabla yule wa kwanza hajatoka nje ya geti. Kama darasa, lile gari la kijani lilifaulu, maana wanafunzi walijifunza kuunda gari kwa kuliunda. Shida inaanza pale kazi ya darasani inapotangazwa kwa lugha ya duka.

Na sisi Wakenya tuliicheza tamthilia hii mapema, tena kwa petroli. 1986 Rais Moi aliomba Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. 1990 magari matano ya Nyayo Pioneer yakaonyeshwa, yenye uwezo wa kufika kilomita 120 kwa saa. Ya kuuzwa? Wapi! Hapa Machakos macho yetu yamezoea. Tangu Kibaki alipozindua ujenzi wa Konza, Januari 2013, tunajua umbali uliopo kati ya jiwe la msingi na mji.

Lakini kungoja hakuumizi kila mtu sawasawa. Mwenye dola 50,000 za kuweka kando anangoja akiwa ndani ya gari lingine. Mwendesha boda mwenye pikipiki iliyochoka anaposikia ya umeme inakuja mwaka ujao, ana hesabu tofauti: achukue mkopo wa petroli leo, halafu abaki na deni la chombo kitakachopitwa na wakati, ama aendelee kupeleka hii kwa fundi kila wiki? "Mwaka ujao" ya jukwaani, kwake ni pesa inayotoka mfukoni.

Kuna uzinduzi unaosomeka vizuri zaidi. BasiGo walipoanza majaribio Nairobi 2022, walikuwa na mabasi mawili tu. Nao walikuwa na sherehe na ahadi zao. Ila mwenye matatu alipewa kitu anachoweza kukipigia hesabu: alipe bei ya basi, kisha betri ailipie shilingi 20 kwa kila kilomita. Hapo unachukua kalamu, unaweka gharama ya dizeli upande wa pili, unaamua. Basi lenyewe abiria analipanda, analisema vibaya likichelewa. Hakuna mhakiki mkali kuliko abiria.

Kwa hivyo naomba tunaoandika habari hizi tuache kuwa waimbaji wa kwaya. Tuulize bei. Tuulize litachajiwa wapi nje ya Nairobi, nani ana spea, na aliyeweka oda atarudishiwa pesa kwa njia gani tarehe ikipita. Yasipopatikana majibu, Kiswahili tayari kina neno la haki kwa kilichotokea siku ile. Gari limeonyeshwa.