Duara, Mraba, Pembetatu

Walimu wa chekechea na gredi za chini wa Nyeri, Karatina na Nanyuki wanaofundisha kuchora kwa maumbo sahili hufuata ukuaji wa mkono. Kwa kawaida mtoto huweza kunakili duara akiwa na miaka 3, mraba akiwa na 4, na pembetatu, yenye mistari ya mshazari, akikaribia 5.

Mifano imejaa nje ya darasa. Mlima Kenya, ambao kilele chake cha Batian kina mita 5,199, ni pembetatu pana. Nyumba ya jadi ya Wakikuyu huchorwa kwa mstatili na pembetatu ya paa la nyasi. Lakini ng'ombe wa maziwa ndiye kipimo halisi cha mwalimu: mstatili wa kiwiliwili, mistatili minne myembamba ya miguu, pembetatu ya kichwa iliyopinduliwa. Kisha watoto hulainisha pembe na kufuta mistari ya ndani. Kwa chaki, penseli na kifutio tu, aliyedai hawezi kuchora humaliza ng'ombe wake. Ustadi huo wa mwalimu unastahili heshima kubwa kuliko inayotolewa.

Baadaye huja kivuli, kinachogeuza duara kuwa tufe.