Mizani ya Sihiri na Silaha katika Hadithi za Mashujaa

Makala haya yanakusudia kuchunguza swali moja la fani ambalo sisi walimu hukutana nalo kila tunapowapa wanafunzi kazi ya kubuni hadithi ya shujaa. Je, mtunzi ampe mwenye sihiri nguvu kiasi gani, na mwenye silaha kiasi gani, ili hadithi isiharibike? Katika insha tunazosahihisha Dzaleka, wilayani Dowa, na Chinsapo, mjini Lilongwe, kasoro ni ile ile: mkuki hukutana na hirizi, hirizi hushinda, na hadithi hufa ukurasa wa kwanza. Mpiganaji aliyefunzwa upanga tangu utotoni hubaki hana kazi.

Swali hili limewashughulisha hata watunzi wa mbali. Mwaka 1974, huko Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo uitwao Dungeons & Dragons, ambamo wachezaji huketi pamoja wakasimulia hadithi, kila mmoja akimwongoza mhusika wake, na dadu huamua matokeo. Mchawi aliwekewa mipaka ya hesabu: mwili wake ni dhaifu, havai deraya, na kila sihiri akiisha kuitumia humtoka mpaka ajiandae upya. Hata hivyo, wachezaji wamelalamika kwa miaka mingi kwamba mchawi akikomaa humwacha mpiganaji nyuma mno. Maoni yetu ni kwamba hesabu peke yake haitoshi. Masimulizi yetu yana mizani nyingine, nayo ni sharti.

Tuutazame utenzi wa Fumo Liyongo alioutunga Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Liyongo ni shujaa asiyedhurika kwa silaha. Nguvu kama hiyo ingeuangamiza utenzi, lau isingefungwa na sharti moja: sindano ya shaba ikimchoma kitovuni, atakufa. Sindano ni chombo cha mshonaji, si cha askari. Jeshi zima la mfalme wa Pate haliwezi kumfikia nayo. Awezaye ni yule tu anayeruhusiwa kumkaribia amelala, yaani mwanawe. Basi siri imekuwa silaha, na mapenzi ya baba yamekuwa mlango wa adui. Aidha, baada ya kuchomwa, Liyongo anapiga goti karibu na kisima, mshale u tayari katika upinde, na watu wanaogopa kuteka maji wasijue kwamba amekwisha kufa. Kinga ya ajabu imekwisha, lakini sifa ya mpiganaji ingali inapigana.

Wanafunzi waliotoka Kivu wana mfano wa karibu zaidi, nao ni Mwindo, shujaa wa Wanyanga, ambaye masimulizi yake yalitolewa na Shé-Kárisi Rureke na kuandikwa na Daniel Biebuyck mwaka 1956. Mwindo anazaliwa ameshika usinga wenye nguvu za ajabu. Lakini usinga haufanyi kila kitu. Wajomba zake, ambao ni wahunzi, wanamvika chuma na kwenda naye kupigana na baba yake, Shemwindo, katika kijiji cha Tubondo. Wajomba wanauawa vitani. Ndipo Mwindo anapoita radi iteketeze kijiji, na baadaye anawafufua. Huko kuzimu Muisa anamwangusha kwa mkanda wake, na Sheburungu anamfilisi katika kamari kabla bahati haijageuka. Mwishowe Mwindo anaua joka lililokuwa rafiki wa Nkuba, bwana wa radi. Nkuba anamchukua angani mwaka mzima, ateswe kwa mvua, baridi na jua kali. Radi iliyomsaidia ndiyo inayomwadhibu. Mwenye kuazima nguvu hudaiwa.

Je, jambo hili ni la fani tu? La, hasha. Katika Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu waliikabili bunduki ya Mjerumani wakiamini kwamba maji yangezuia risasi. Huko Kongo, waasi wa Simba mwaka 1964, na wapiganaji wa Mai-Mai tangu miaka ya 1990, walinyunyiziwa dawa na kupewa miiko: wasiibe, wasiguse wanawake, na mingineyo. Kwa hiyo wapo wanafunzi wetu ambao hawakuisoma dawa ya risasi kitabuni, waliwaona walioitumia. Hapo hapana budi mwalimu apambanue. Sharti la Liyongo msikilizaji hulijua kabla sindano haijachomolewa. Vitani, mwiko uliovunjwa hutajwa baada ya maiti kulala chini: marehemu ndiye anayelaumiwa, na dawa hubaki haina doa. Sharti la kwanza humpima shujaa. La pili humlinda mganga.

Ebrahim Hussein aliliona jambo hili katika tamthilia yake ya *Kinjeketile* ya mwaka 1969. Maji yake hayazuii risasi, lakini yanawaunganisha watu ambao mikuki haikuweza kuwaunganisha. Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka; hata hivyo, mwishoni anakataa kutamka kwamba maji yalikuwa uwongo, kwa kuwajali vizazi vijavyo. Mtunzi hakuidharau imani, wala hakuipa ushindi wa bure. Hiyo ndiyo mizani tunayoitafuta.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi aandike sharti la sihiri yake kabla ya pigano la kwanza: inaweza nini, haiwezi nini, na ikitumika nani atalipa. Pili, mpiganaji apewe kazi ambayo sihiri haiwezi kuifanya, kama vile kulinda, kuvumilia na kutunza ahadi. Tatu, mwanafunzi akileta insha juu ya dawa ya risasi asichekwe, wala asisifiwe ovyo. Aulizwe tu: sharti hili lilijulikana lini, na ni nani aliyelitaja? Mwanafunzi anayeweza kulijibu swali hilo katika hadithi yake ataweza kuliuliza pia nje ya darasa, siku atakapojiwa na mtu mwenye kibuyu cha maji na bunduki ya kumpa.